Kufumbua macho si kuamka

Mgonjwa akitolewa thieta akafumbua macho na kuitikia jina lake, jamaa waliokuwa wakingoja kwenye baraza ya wodi hushusha pumzi na kusema alhamdulillahi, ameamka. Shukrani ni mahali pake. Lakini kwa wanaoijua nusu kaputi, hapo ndipo kazi ya kumtazama inapoanza, kwa sababu dawa bado zimo mwilini na mashine nyingi zimekwisha kuondolewa.

Propofoli, dawa nyeupe kama maziwa inayodungwa kwenye mshipa, huacha kulaza mtu baada ya dakika chache. Mwili unakuwa haujaimaliza. Imetoka ubongoni tu ikasambaa kwenye misuli na mafuta. Gesi ya usingizi hutoka kwa njia ya mapafu, kwa hiyo anayepumua kidogo kidogo huitoa polepole. Mofini au pethidini aliyopewa ya maumivu huendelea kufanya kazi kwa saa kadhaa, na huo ndio mkono unaoweza kumrudisha chini tena. Ndiyo maana mtu huzungumza vizuri saa nane, na saa nane na nusu yuko usingizini kwa namna isiyopendeza.

Sikilizeni kukoroma. Nyumbani mkoromo ni usingizi mnono. Baada ya nusu kaputi ni ulimi uliolegea ukaangukia nyuma na kuziba nusu ya njia ya hewa. Kibaya zaidi ni kimya: kifua kinabonyea huku tumbo likipanda, na hewa haipiti. Mwiteni muuguzi papo hapo, na mkingoja inueni kidevu chake juu, au mlazeni ubavu ikiwa upasuaji wake unaruhusu. Msimwekee mto mnene unaokunja shingo hadi kidevu kiguse kifua. Hesabuni pumzi kwa dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Zikishuka chini ya 10, msingoje.

Hapa Lamu kuna jambo moja ambalo ni bora lijulikane kabla ya siku ya upasuaji: hina. Kile kibanio cha kidoleni hupima oksijeni kwa kupitisha mwanga kwenye kucha na nyama. Hina nyekundu kwa kawaida haisumbui, lakini piko nyeusi inaweza kuuzuia mwanga, mashine ikaonyesha namba ya uongo au isionyeshe kitu. Bi harusi wa juzi anayekwenda kufanyiwa upasuaji aseme mapema, kibanio kiwekwe kwenye ndewe ya sikio au kidole kisichopakwa.

Kutetemeka huwashangaza watu wa pwani. Nje Malindi jua linawaka, na mgonjwa meno yanagongana! Dawa za usingizi hufungua mishipa ya ngozi, joto la ndani likakimbilia nje, na thieta nayo ina baridi. Blanketi kavu linatosha. Chupa ya maji ya moto hapana: ngozi yenye ganzi huungua bila mwenyewe kuhisi.

Kichefuchefu kinabashirika kuliko watu wanavyodhani. Mambo manne hukiongeza: kuwa mwanamke, kutovuta sigara, kuwahi kutapika baada ya upasuaji au kuwa mtu wa kuchafukwa na bahari, na kupewa dawa za jamii ya mofini baadaye. Asiye na hata moja hutapika kama 1 katika 10. Aliye nayo yote manne, takriban 8 katika 10, ikiwa hakupewa dawa ya kuzuia. Kwa hiyo mama anayetapika kila akivuka kwa boti kwenda Mokowe amwambie mtaalamu wa usingizi hivyo hivyo. Si habari ndogo. Dawa ya kuzuia kutapika, ondansetroni au deksamethasoni, hutolewa ndani ya thieta, kabla hajaamka.

Koo litawasha siku moja au mbili kwa sababu ya mpira uliopitishwa ili apumue. Kuna pia wanaoamka kesho yake mwili mzima unauma kama waliopigwa, mabega na shingo zaidi, na hapo jamaa huanza kuwashuku waliombeba. Mara nyingi ni suksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli ambayo kabla ya kuilegeza huitikisa yote kwa pamoja. Huisha kwa siku mbili tatu.

Sasa kuweweseka, jambo linalotia familia hofu kuliko yote. Ketamini humfanya mtu akodoe macho, yakacheza huku na huku, akaona watu wasiokuwepo na kusema maneno yasiyoeleweka. Wengi wetu fikra ya kwanza ni jini. Ni dawa, na huisha kwa saa chache. Anachohitaji ni utulivu: taa ipunguzwe, watu wapungue, mmoja anayemjua amshike mkono na kusema naye kwa sauti ya chini. Kumtikisa na kumpigia kelele humzidishia.

Kwa wazee ni habari nyingine. Babu anaweza kuwa sawa siku ya kwanza, kisha usiku wa pili akamwita marehemu nduguye na kung'oa dripu. Dua haina ubaya wowote, ila muuguzi aitwe kwanza, kwa kuwa nyuma yake huwa kuna sababu inayotafutika: oksijeni kidogo, sukari kushuka, mkojo kuzuilika, maumivu, homa ya maambukizi. Mrudishieni miwani na meno yake, mfungulieni dirisha mchana, mwambieni ni siku gani na yuko wapi. Msimdhihaki hata kidogo. Wengine huyakumbuka yote baadaye.

Chakula hutegemea alichopasuliwa. Kama si tumbo, aanze na mafunda ya maji akiwa ameketi na macho makavu, halafu chai ya rangi, halafu uji mwepesi. Mbaazi za nazi na mahamri vingoje kesho. Wa tumbo amfuate daktari wake, hata kama mama mkwe amekwisha kuleta supu. Mkojo uwe umetoka ndani ya saa 6 hadi 8. Usipotoka na tumbo la chini likajaa, semeni. Mama anayenyonyesha anaweza kunyonyesha akishaamka vizuri na kuweza kumshika mtoto, ila dawa za maumivu za tramadoli na kodeini aziepuke.

Kila saa akiwa macho avute pumzi ndefu kumi, kila moja aishike kwa sekunde tatu, kisha akohoe akiwa amekumbatia mto juu ya mshono. Vifundo vya miguu avichezeshe, na atembee mapema anaporuhusiwa. Pumzi hizi huyafungua mapafu, na miguu huepushwa na damu kuganda. Moshi wa udi ambao ni heshima ya kumpokea mgonjwa nyumbani ungoje siku kadhaa. Humkohoza, na kikohozi huvuta nyuzi.

Aliyeruhusiwa siku ile ile asiwe peke yake kwa saa 24. Asiendeshe bodaboda wala boti, asipike kwenye jiko la makaa, asiweke sahihi hati ya shamba. Asitafune miraa wala muguka, vinavyopandisha mapigo ya moyo na presha. Nyumba za mji wa kale wa Amu, yaani Lamu, zina ngazi nyembamba zilizosimama, kwa hiyo atandikiwe orofa ya chini usiku ule wa kwanza. Na mtu wa kisiwa cha Pate ni bora alale kwa jamaa mjini kuliko kuvizia maji kujaa ili awahi boti ya jioni: akizidiwa katikati ya bahari, hakuna wa kumsaidia.

Parasetamoli ya miligramu 500, vidonge 2 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku kwa mtu mzima wa kilo 50 au zaidi. Dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani, msizichanganye. Kupumua kwa shida, kifua kuuma, shavu la mguu mmoja kuvimba, homa ya 38 na kuendelea, mshono kutoa usaha, kutapika kusikokoma: rudini hospitali, hata usiku.

Kabla ya kuondoka wodini, ulizeni kama usingizi ulikuwa na tatizo lolote: mpira uliingia kwa taabu, dawa ilimdhuru, au alichelewa mno kurudisha nguvu za kupumua. Hilo la mwisho linaweza kuwa la kurithi kutoka kwa wazazi wote wawili, mwili usiweze kuivunja suksamethoniamu upesi, kwa hiyo linawahusu pia kaka na dada zake. Ombeni liandikwe kwenye karatasi, jina la dawa likiwemo, na karatasi ikae pamoja na kadi ya hospitali.