Tezi 17: nilivyopata majibu kamili ya kinyama changu

Huu ni mwaka wa tatu tangu nikatwe sehemu kubwa ya tumbo kwa saratani, na watu bado wananiuliza nilikunywa mti gani. Mti niliunywa kweli, ukanirudisha nyuma. Kilichonisaidia ni karatasi moja ambayo nusura nisiipate.

Mimi ni fundi seremala, Moshi. Nilitibu "vidonda vya tumbo" kwa dawa za dukani muda mrefu, mpaka kipimo cha kamera kikaonyesha uvimbe. Baada ya upasuaji kaka yangu alikabidhiwa ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko mweupe, kipande cha tumbo langu, ndicho hicho kinyama cha kupimwa, kikielea ndani ya fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze. Harufu ilichoma pua hata kupitia mfuniko. Akaambiwa aipeleke maabara, akasafiri nayo kwenye basi akiwa ameipakata kama mtoto mchanga. Kwa kuogopa isichanganywe na ya mwingine, kabla ya kuiacha alipiga picha lebo yake kwa simu.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Mistari minne: saratani ya tumbo, basi. Shemeji yangu akasema saratani ikiguswa na kisu inachokozeka, nisikanyage tena hospitali, ninywe majani ya mstafeli. Nikayachemsha asubuhi na jioni, wiki tatu nzima. Tumbo lililobaki lilikuwa dogo. Nikinywa vikombe viwili vya maji yale, uji haupati nafasi. Nikapungua kilo 5. Jambo hili linaniuma mpaka leo, kwa sababu wiki zile ndizo nilizotakiwa kula, nipate nguvu za kuanza tiba ya kemikali ya kuua mabaki yasiyoonekana kwa macho.

Aliyeniokoa ni mpwa wangu, muuguzi. Aliisoma ile mistari minne mara mbili, akaniuliza, "Mjomba, tezi ziko wapi?"

Nilikuwa nadhani saratani kurudi au kutorudi ni bahati ya mtu. Akanieleza kwa lugha ya kazi yangu. Ukuta wa tumbo una tabaka kama plaiwudi: uvimbe ulioishia tabaka za ndani hatari yake ni ndogo, uliotoboa mpaka nje unaweza kumwaga mbegu kwenye utando unaofunika viungo vya tumbo. Kisha tezi zinazolizunguka tumbo, vijivimbe vidogo vya kinga ambako saratani hupenyeza: kadiri zenye saratani zinavyokuwa nyingi, ndivyo uwezekano wa kurudi unavyopanda. Lakini lazima zihesabiwe za kutosha, angalau 15 au 16. Ukiambiwa tezi 3 zimeangaliwa na zote ni safi, hujaambiwa kitu. Halafu kingo za pale kisu kilipopita. Hilo nililielewa kabla hajamaliza, maana ubao wenye mchwa ukiukata pale pale mchwa anapoishia, umeacha mchwa. Majibu yangu hayakuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

Tulirudi maabara. Dirishani tukaambiwa sampuli ya zamani hivyo huenda imeshatupwa. Kaka akatoa simu, akaonyesha ile picha: namba, tarehe, jina. Mtaalamu mmoja kijana akaingia nayo ndani, akakaa kama nusu saa, akatoka anatabasamu. Ndoo ilikuwa rafu ya chini kabisa, nyuma ya nyingine. Kilichokuwa kimepimwa mwanzo ni kipande cha uvimbe tu. Tezi zimejificha kwenye mafuta, na daktari wa maabara huzitafuta kwa vidole, moja moja, kama unavyotafuta mawe kwenye mchele. Gharama ya kupima upya pamoja na nauli ilinitoka laki na kitu, na sijutii hata shilingi.

Majibu ya pili yalijaza ukurasa mzima: tezi 17 zimechunguzwa, 2 zina saratani, uvimbe umepita msuli bila kutoboa tabaka la nje la tumbo, kingo safi. Saratani hatua ya pili. Daktari wa saratani aliisoma akaniambia, "Mzee, dripu za tiba ya kemikali unazihitaji, na bado hatujachelewa." Nilianza wiki ya nane baada ya upasuaji.

Sigara niliacha siku ile ile. Bakteria wa H. pylori, wanaoishi tumboni, nao walipatikana. Shirika la Afya Duniani, kupitia kitengo chake cha utafiti wa saratani, liliwaweka kwenye orodha ya visababishi vya saratani tangu 1994, na kwenye tumbo lililobaki wanaweza kuanzisha saratani nyingine mpya kabisa. Nilimeza vidonge wiki mbili, na baada ya zaidi ya mwezi nikapima kinyesi tena kuhakikisha wameisha. Usikubali kuambiwa umepona bila kipimo hicho cha pili. Maji nakunywa nusu saa baada ya chakula, sahani ndogo mara sita kwa siku, na sindano ya vitamini B12 siikosi.

Wanaorudiwa, wengi hurudiwa ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Kwa hiyo kliniki za miaka ile sikuruka hata moja, hata wiki niliyokuwa na oda ya madawati ya shule.

Juzi alikuja karakana mama mmoja kutoka Rombo, mumewe amekatwa tumbo wiki mbili zilizopita. Alitaka jina la mti. Nilimuuliza kinyama kiko wapi. Akanyamaza, kisha akafungua mkoba akatoa simu, akampigia mwanawe.