Swali lilelile

Ijumaa, usiku wa manane

Tiketi tulizinunua mwezi uliopita, kabla hatujanuniana. Siku tatu hizi mimi na mume wangu tumekuwa tukisemeshana kwa mkato: chumvi, funguo, bili ya umeme. Chanzo ni swali lake la Jumanne asubuhi, "Utarudi saa ngapi?" Mimi nikasikia tuhuma ndani yake.

Hata hivyo saa mbili na nusu tulikuwa tumeketi bega kwa bega katika kanisa dogo hapa Paris, makoti mwilini. Mbele yetu waimbaji wawili, klavesini (kinanda cha zamani), viola da gamba (fidla kubwa ya kushikwa magotini), na tiorba, ndugu wa mbali wa udi wa taarabu, shingo yake ndefu ajabu.

Nyimbo nyingi zilikuwa za Michel Lambert, mkuu wa muziki wa faragha wa mfalme Louis XIV tangu 1661. Mapenzi ya nyimbo hizi hayapigi kelele. Anayeumia hamtaji mbaya wake. Huzungumza na msitu, na mto, na usiku. Nilimkumbuka shangazi yangu kule Tanga, anavyonyanyuka polepole kwenda kumtunza mwimbaji, na ukumbi mzima ukajua fumbo limemfikia nani.

Kisha ukaja "Ombre de mon amant", kutoka kitabu chake cha 1689. Mwanamke anasema na kivuli cha mpenzi wake aliyekufa. Anakiuliza: wataka nini? Anakihadithia machungu yake, ukingo wa mto alikoiona damu ya mpenziwe ikitiririka pamoja na machozi yake yeye. Halafu maneno ya mwanzo yanarudi, neno kwa neno. Mara ya kwanza mwimbaji aliliuliza swali kama mtu aliyeshtuliwa usingizini. Mara ya pili alilishusha, akalivuta, akaliremba kidogo sana kooni, na tiorba ikamwachia nafasi. Hapo likawa swali la mtu anayetaka kweli kujua. Nililia. Mume wangu hakugeuka, lakini mkono wake ulikuja juu ya goti langu ukatulia.

Baada ya mapumziko waliimba kantata, hadithi ya kuimbwa, ya mtunzi Mfaransa Clérambault, "Orphée", ya 1710, juu ya mwimbaji wa ngano za Kigiriki. Inaishia Orphée anapokubaliwa kumrudisha mkewe kutoka kuzimu, kabla hajageuka nyuma na kumpoteza. Zamani niliona huko ni kukwepa ukweli wa hadithi. Leo nimemshukuru mtunzi kutoka moyoni kwa kuwaacha wawili wale pale, bado njiani.

Ndani ya metro tulisimama, tumeshika nguzo moja. Vituo vitatu vikapita kimya. Kisha akaniuliza, taratibu, macho yake kwenye macho yangu: "Kesho utarudi saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili," nikamjibu. "Nitapitia dukani, mchele umekwisha."

"Basi nitakungoja tupike wote."