Mpira wa Chini, Upepo wa Ziwa

Entebbe, Jumamosi jioni.

Alasiri ikifika, Ziwa Victoria huanza kupuliza. Nchi kavu imeshapata joto, hewa yake inapanda, na ile ya baridi kutoka majini inaingia kushika nafasi. Anayecheza gofu kuelekea ziwani saa hizo hukutana na kiroja: fimbo ya chuma namba 7 iliyompa mita 140 asubuhi sasa inaupaisha mpira, unasimama angani kama mwewe, halafu unadondoka kabla ya griini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo na bendera. Wengi hapo hukaza msuli. Nguvu hiyo inauzidishia mpira kuzunguka kinyumenyume, na kuzunguka huko ndiko kunakouinua. Kadiri unavyogombana na upepo ndivyo mpira unavyozidi kwenda juu.

Dawa yake ni mpira wa chini, nao hutengenezwa kabla fimbo haijasogea. Chukua fimbo iliyo kali, yaani ya namba ndogo, kuliko uliyozoea kwa umbali huo: penye 8 shika 7 au hata 6. Teremsha mikono kwenye mshikio sentimita 3 hivi. Mpira ukae nyuma ya katikati ya miguu kwa upana wa mpira mmoja, usizidi miwili. Asilimia 60 ya uzito iwe mguu wa mbele, yaani wa kushoto kwa anayepigia kulia, na ibaki huko mpaka mwisho. Mikono itangulie mpira kidogo, usawa wa paja la kushoto. Ndiyo inayoulaza uso wa fimbo mbele kiasi kwamba namba 7 inatoka kama 6 au 5. Kisha utazame uso huo tena. Mpira ukisogezwa nyuma, uso mara nyingi huwa umefunguka bila mwenyewe kujua, na mpira hukimbilia kulia. Uelekeze kwenye bendera kwanza, ndipo ushike upya.

Kupiga kwenyewe ni kufupi. Mikono irudi nyuma hadi usawa wa kifua, basi. Wakati wa kushuka, kifua kizunguke pamoja na mikono, na kifundo cha mkono wa kushoto kisikunjike kuelekea nyuma. Malizia tena usawa wa kifua upande wa pili, kichwa cha fimbo kikiwa bado chini. Kwa maoni yangu huku kumalizia ndiko kugumu kuliko yote. Mtu anapanga miguu vizuri, anarudisha fimbo vizuri, halafu dakika ya mwisho anataka kuusaidia mpira kupanda: uzito unarudi mguu wa nyuma, viganja vinafyatuka, na kazi yote imeharibika.

Udongo hausemi uongo. Nyasi zikatike mbele ya pale mpira ulipokuwa, kipande chembamba kama chapati ya rolex, ile ya kukunjia mayai. Ukiona shimo la kupandia muhogo, umeusogeza mpira nyuma mno na fimbo inashuka wima. Nyasi zikikatika nyuma ya mpira, ulibaki mguu wa kulia.

Zoezi moja linatosha. Simika vijiti viwili mita 5 mbele yako, funga kamba kwa urefu wa mita 1.2, kisha pitisha mpira wa namba 7 chini yake. Mpigo wa kawaida wa fimbo hiyo hupita juu ya kamba. Anza kwa nusu ya nguvu, uongeze polepole. Kamba ikiguswa, rudi nyuma hatua moja ya nguvu, usibadilishe miguu.

Jambo la kukumbuka kwa anayejifunza kwa video za Ulaya: Entebbe iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo mita zao si mita zetu. Pima zako mwenyewe, pamoja na zile ambazo mpira unabingirika. Miezi ya Machi hadi Mei ardhi inalowa na mpira wa chini hunasa pale pale ulipoangukia. Kiangazi hukimbia hata mita 20. Ndiyo maana kule kwenye uwanja wa gofu wa Kitante, Kampala, chini ya matawi mpigo huu unakuokoa, lakini mfereji ukiwa mbele ya bendera unakuzamisha. Hapo toka kwanza kwenye miti kwa namba 6, mpigo mdogo, uishie upande wako wa mfereji, kisha uvuke kwa weji, fimbo ya kuupandisha mpira juu.