Mwaka wa Mgomo

Mwaka 2017, serikali ilipokuwa ikiandikisha wazee wa miaka 70 na zaidi kwa Inua Jamii, mpango wa kuwapa wazee pesa kila mwezi, nilimpeleka bibi kwa chifu, Likoni, Mombasa. Mtaani alikuwa mzee kitambo. Shikamoo zilimpokea tangu kona ya kwanza, na hakukuchumbiwa msichana bila yeye kuulizwa. Karani akatazama kipande, yaani kitambulisho chake: "Bibi, wewe ni wa 1952. Bado miaka mitano."

Bibi alizaliwa mwaka wa mgomo wa bandarini, 1947. Mamake ndivyo alivyomhesabia, na rika lake lote lajua. Lakini sheria ya vipande haikuwahusu wanawake hadi 1978. Alipoandikishwa alikuwa mtu mzima asiye na cheti cha kuzaliwa. Mwandikishaji akamtazama uso, akakisia. Mimi naliona hilo ni dhuluma: mwanamke ahesabiwe kwa kukisiwa, kisha makisio yamnyime shilingi 2,000 kila mwezi.

Eksirei ya kukadiria umri haisaidii hapo. Mifupa hukoma kukua kabla ya miaka 30, hivyo picha haitenganishi mtu wa 65 na wa 70. Kilichotusaidia ni cheti cha kifungua mimba wake, mjomba wangu wa 1964. Kwa kipande, bibi alimzaa akiwa na miaka 12. Kwa mgomo, 17. Tukatoa nakala, tukaambatisha hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya wakili.

Kazi ikawa vidole. Kipande kipya chataka alama za vyote kumi, na vya bibi vilikuwa vimelika kwa kusuka ukili, mshipi wa majani ya mkindu, hasa gumba na kidole cha shahada, vinavyobana ukindu. Karatasi ya kwanza ilitoka madoa matupu, kwa kuwa wino mwingi huziba hiyo michirizi michache iliyosalia. Akanawa kwa maji vuguvugu na sabuni, akakaushwa vizuri. Wino ukapakwa mwembamba, kila kidole kikabingirishwa polepole toka upande mmoja wa ukucha hadi wa pili, bila kukandamizwa. Ukikandamiza, michirizi hulala na alama hupotea.

Kipande kilitoka uandikishaji umeshafungwa. Bibi hakungoja kuulizwa: aliwaita wasusi wenzake barazani, akamtaka kila mmoja alete cheti cha kifungua mimba wake, tukae tupige hesabu.