Mashine imefika, mlango haujafika

Jana lori lilishusha hadubini ya elektroni kwenye maabara yetu ya jiolojia hapa Dodoma. Nikasimama mlangoni na futi mkononi, jasho linanitoka: kreti limezidi mlango kwa vidole vinne! Miezi yote ile ya zabuni, proforma na barua za msamaha wa kodi, hakuna aliyepima mlango. Nami nimo. Fundi akang'oa fremu, tukaingiza.

Raha yenyewe sasa. Unasugua jiwe mpaka ling'ae, unalipaka utando wa kaboni, mashine inalirushia elektroni. Karibu kila elementi inajibu kwa eksirei yake, kwa hiyo chembe usiyoiona kwa macho inakwambia yenyewe kama ina chuma, kromi au titani. Rubi zetu za Winza, kule Mpwapwa, tulikuwa tunazisafirisha nje kwa ndege kupimwa, halafu tunasubiri. Tunasubiri sana.

Shida ni kwamba inataka umeme usioyumba, na vumbi la Dodoma mnalijua. Nimeziba madirisha yote kwa selotepu, wanafunzi wananicheka. Viatu vinabaki nje, hata vya mkuu wa idara.