Jinsi Nilivyouhakiki Upya Mchezo wa Assassin's Creed Unity Baada ya Viraka Vyake

Mapitio yangu ya kwanza ya mchezo wa video wa Assassin's Creed Unity niliyaandika Novemba 2014, siku chache tu baada ya mchezo kutoka, na karibu nusu ya maneno yake yalihusu mkokoteni wa nyasi kavu. Arno Dorian, kijana wa Versailles ambaye mchezaji humwongoza, alikuwa amejirusha kutoka juu ya paa na kutua ndani ya mkokoteni huo kama inavyotakiwa, kisha akagoma kutoka. Nilibonyeza kila kitufe cha padi. Nyasi zilitikisika, walinzi wawili wakapita wakizungumza, na Arno akabaki humo mpaka nilipolazimika kuanza upya. Sikuwa nimesema uongo, kwa kuwa kunasa mkokotenini kulikuwa miongoni mwa kasoro ambazo watengenezaji wenyewe walizikiri katika siku zile za mwanzo, pamoja na kutumbukia chini ya ardhi na mchezo kuzimika pale unapojiunga na wenzako. Hata hivyo, nilipoyasoma tena mapitio yale mwanzoni mwa mwaka 2021, niliona kwamba hayakumweleza msomaji mchezo wenyewe ulikuwaje. Yalimweleza tu jinsi wiki yangu ilivyoharibika.

Kwa asiyeufahamu, mchezo huu unampa mchezaji jiji la Paris wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, kuanzia 1789 hadi 1794, na kumwacha atembee humo apendavyo, apande kuta, anyatie walinzi na kuwaua watu aliotumwa kuwaua. Ulitoka tarehe 11 Novemba 2014 huko Marekani, na mapitio ya wahakiki yaliruhusiwa kuchapishwa saa kadhaa baada ya maduka kuanza kuuuza, jambo lililowaudhi wengi. Kabla ya mwezi huo kwisha, mkuu wa studio iliyoutengeneza aliomba radhi hadharani, na sehemu ya nyongeza iitwayo Dead Kings, ambayo ingeuzwa, ikatolewa bure Januari 2015. Katikati ya hayo vilikuja viraka, yaani masasisho yanayopakuliwa mtandaoni ili kurekebisha mchezo, kimoja baada ya kingine.

Nilipoamua kuuhakiki upya, tatizo la kwanza lilikuwa kwamba sikuwa na kitu cha kulinganisha nacho. Ningecheza toleo lililotengenezwa na kusema limekuwa bora, lakini bora kuliko nini? Kumbukumbu ya mtu aliyekuwa amekasirika haifai kuwa kipimo. Ndipo nikakumbuka kwamba diski niliyoinunua mwaka 2014 ilikuwa bado kabatini, na kwamba kilichomo ndani ya diski hakibadiliki: ni mchezo ule ule kama ulivyokuwa kabla ya kiraka chochote. Niliiweka kwenye konsoli mpya, Xbox Series X, nikakata mtandao ili viraka visipakuliwe, na konsoli ilipolalamika kwamba haiwezi kutafuta masasisho nikaiacha ilalamike.

Mpango wangu ulikuwa wa kawaida kabisa. Ningecheza sehemu zile zile mara mbili, kwanza kutoka kwenye diski tupu, halafu baada ya kurudisha mtandao na kupakua viraka vyote, na kila mara ningeanza hadithi upya ili Arno awe na vifaa vile vile. Katika daftari nilichora safu tatu: mahali nilipo, kilichotokea, na ya tatu niliyoiandika juu yake «kasoro au uamuzi?». Safu hiyo ya tatu ndiyo iliyonisumbua zaidi na ndiyo iliyonifaa zaidi. Kasoro ni kile ambacho mtengenezaji hakukikusudia, kama vile mtu kuzama sakafuni. Uamuzi ni kile alichokikusudia ingawa mimi sikipendi. Kiraka kwa kawaida hutibu cha kwanza na kukiacha cha pili, na kosa langu la 2014 lilikuwa kuvitia vyote katika kapu moja na kuahidi kwamba vitatengenezwa.

Jambo lililonishangaza lilijitokeza ndani ya dakika kumi za kwanza, nalo lilikuwa kinyume cha nilivyotarajia. Toleo la diski, lile lililokuwa likichekwa na kila mtu, lilikuwa likienda kwa ulaini ambao sikuwahi kuuona katika mchezo huu. Nilipochimba zaidi nikaelewa sababu. Kwenye konsoli za 2014 mchezo ulilenga fremu 30 kwa sekunde, yaani picha 30 zinazofuatana kila sekunde ili kuunda mwendo, na mara nyingi haukuzifikia, hasa penye umati, kwa hiyo haikuwa rahisi kutambua kwamba toleo la kwanza halikuwa limefungiwa kikomo hicho. Baadaye kiraka kiliweka kikomo cha 30 ili mwendo utulie. Kwa mashine za wakati ule ilikuwa tiba nzuri, lakini konsoli mpya yenye nguvu za kutosha, ikipewa diski isiyo na viraka, hupanda mpaka karibu fremu 60. Hivyo nilikuwa nimekaa na matoleo mawili ambayo hakuna hata moja lililomshinda mwenzake kwa kila kitu: moja laini lenye mitego, jingine salama lenye mwendo wa nusu yake. Sentensi niliyokuwa nimeiandaa kichwani, kwamba viraka viliuponya mchezo, ilinibidi niifute kabla sijaiandika.

Misheni niliyoitumia kama kipimo kikuu ni ile ya kumuua Sivert, mmoja wa watu ambao Arno hutumwa kuwaua, ndani ya kanisa la Notre-Dame, kwa kuwa hufikiwa mapema na ina kila kitu kwa pamoja: umati nje, walinzi juu ya paa, giza na kona ndani. Mchezo hukuweka mbali kidogo na kanisa, hukuonyesha mahali alipo adui, hukutajia nafasi chache unazoweza kuzitumia, kisha hukuachia uamuzi. Kuna funguo zinazoweza kuibwa ili kujifungulia njia. Kuna pia kibanda cha kitubio: ukimwondoa kwanza mtu ambaye Sivert amepanga kukutana naye, unaweza kukaa upande wa pili wa kibanda na kumsubiri aje mwenyewe, akidhani anazungumza na mwenzake. Niliifanya misheni hii mara sita, tatu kwa kila toleo, na katika kila moja nilichagua njia tofauti. Mwaka 2014 niliifanya mara moja tu, nikaingia kwa mlango wa mbele, nikapigana na kila mtu, na katika mapitio nikaipa sentensi moja. Hiyo haikuwa kasoro ya mchezo.

Kwa upande wa kasoro halisi, daftari lilisema waziwazi. Katika toleo la diski nilizama sakafuni mara moja, nikaona watu kadhaa wa umati wakielea shubiri moja juu ya ardhi, na mara mbili mlinzi alinyooka kama msalaba akiwa amesimama. Baada ya viraka, katika saa zinazolingana, niliona bibi mmoja tu aliyetembea na kupenya kwenye pipa. Mikokoteni niliijaribu makusudi, pengine kupita kiasi, na Arno alitoka humo kila nilipomwambia atoke.

Safu ya maamuzi haikubadilika hata kidogo kati ya kurasa za kwanza na za pili. Mfano mzuri ni dirisha. Ukitaka Arno aingie ndani kupitia dirisha, yeye mara nyingi huning'inia chini yake, hupanda juu yake, huzunguka fremu kushoto na kulia, na hufanya kila kitu isipokuwa kuingia, huku mlinzi aliye ndani akianza kugeuza shingo. Katika toleo la diski niliandika «kasoro». Nilipoliona jambo lile lile, kwa namna ile ile, baada ya viraka vyote, nilirudi nyuma nikafuta neno hilo na kuandika «uamuzi», maana ni matokeo ya jinsi walivyoamua kwamba kitufe kimoja kimpandishe na kingine kimshushe, na mwili wake utafute wenyewe pa kushika. Kushuka kutoka juu ya mnara kwa njia hiyo kunapendeza mno. Kuingia dirishani ndiko kunakolipa gharama yake. Kujibanza ukutani nako ni vivyo hivyo. Arno akishagandana na kona, kumng'oa huchukua muda ambao mnyatiaji hana. Kwa upande mwingine, kitufe cha kuchutama walikiweka tangu siku ya kwanza, na ndicho kinachoufanya mchezo huu ustahili kuitwa wa kunyatia, lakini katika hasira yangu ya 2014 sikukitaja kabisa.

Masanduku yalinilazimu kuongeza alama ya kuuliza katika safu yangu. Mchezo ulipotoka, baadhi ya masanduku ya hazina yalifungwa mpaka mchezaji atumie programu ya ziada kwenye simu. Hakuna aliyeweza kusema kwamba hilo lilitokea kwa bahati mbaya, lilikusudiwa. Hata hivyo, sharti hilo liliondolewa baadaye, na leo masanduku hayo hufunguka kama mengine. Kwa hiyo maamuzi ya kibiashara, tofauti na maamuzi ya ubunifu, yanaweza kulegezwa wateja wakipiga kelele za kutosha, na ilinibidi niyape mstari wake.

Historia ni eneo ambalo hakuna kiraka kilichoigusa, na sidhani ilifaa kuguswa. Mnara mwembamba wa Notre-Dame anaoupanda Arno ni ule uliojengwa katika karne ya 19, miongo kadhaa baada ya kipindi cha hadithi, na ndio ulioanguka katika moto wa tarehe 15 Aprili 2019. Watengenezaji waliuweka kwa sababu ndio watu wanaoutambua. Katika mapitio mapya nililitaja hilo bila kulikaripia. Kilichonikera zaidi ni kusikia wanamapinduzi wa Paris wakizungumza Kiingereza cha London, na hapo tiba ilikuwa mkononi mwangu: niliingia kwenye mipangilio, nikachagua sauti za Kifaransa na maandishi chini ya skrini, na jiji likakaa mahali pake.

Upande wa kucheza watu wanne pamoja sikuweza kuulinganisha. Unahitaji mtandao, na mtandao ungeleta viraka, kwa hiyo niliupima katika toleo jipya peke yake na nikaeleza hivyo katika mapitio.

Nilipokaa kuandika, mstari wa kwanza ulitaja konsoli niliyotumia na kwamba toleo lilikuwa na viraka vyote. Niliwashauri wasomaji wengi wachukue toleo hilo, na wale wenye diski na konsoli mpya nikawaeleza jinsi ya kuupata mwendo laini, pamoja na hatari zake. Misheni ya Notre-Dame ilipata aya mbili nzima, dirisha likapata aya moja, na mkokoteni wa nyasi kavu nikaupa sentensi moja, karibu na mwisho.