Saa tisa alasiri, kwa mama lishe

Wenzangu wa takwimu hawachoki kuniuliza: watu ishirini tu, huo utafiti gani? Siku hizi sibishani. Natafiti mikopo ya mama lishe wa Tandika, Dar es Salaam, na swali langu si wangapi wanakopa. Nataka kujua mkopo unapitia mikono ya nani ndani ya nyumba, na hilo dodoso haliniambii.

Tandika huwezi kumhoji mama lishe mchana. Unanunua wali maharage kama mteja mwingine, unakaa kwenye benchi, unaangalia nani anakula kwa daftari na nani anadaiwa mbele za watu. Mahojiano ni saa tisa, sufuria zikioshwa. Hata hapo, mama mmoja aliyekwisha kukubali kurekodiwa alininyooshea kidole: "Mwanangu, izime kwanza hiyo simu. Baba watoto hajui." Nikaizima. Aliyoyasema baadaye hayamo kwenye ripoti, wala hayataingia, ingawa yangenipa sura nzima.

Namkumbuka Marja-Liisa Swantz, mwanaanthropolojia wa Finland, aliyeishi na Wazaramo Bunju miaka ya 1960 na baadaye, katika miaka ya 1970, akashiriki mradi wa Jipemoyo huko Bagamoyo, ambako wanakijiji walitafiti maisha yao wenyewe. Aliishi nao. Wafadhili wa leo wanakupa wiki mbili na fomu.

Kilichobaki ni kusikiliza rekodi na kuziandika neno kwa neno. Saa moja ya maongezi inanila siku nzima, na honi za bodaboda nazo zimo. Nani ana spika za masikioni za kuniazima?